Kila kitu ni "ngoja mkubwa asaini", hawa wengine wote wamewekwa hapo kufanya nini??

Wadau leo nimefika mwisho. Mtaro mbele ya vibanda vyetu hapa Kisumu umeziba tangu mvua ianze, maji chafu inaingia mpaka kwa magunia ya mahindi ya akina mama, na kazi yenyewe ni vijana wachache, majembe na lori moja ya kubeba hiyo uchafu. Nenda ofisi inayohusika (siitaji, wanajijua) unaambiwa barua yenu iko ila mkubwa hajasaini. Mkubwa ako wapi? Semina Naivasha. Kuna mwenye anakaimu, ndio, kijana mpole sana, lakini hajaachiwa ruhusa ya kutoa lori wala shilingi, na anaogopa akitoa halafu wakaguzi waje aulizwe nani alikutuma, kwa hivyo anakaa tu hapo anapokea matusi yetu.

Yaani ugatuzi ulikuwa wa nini? Katiba ya 2010 kifungu cha 179 haikupea gavana mamlaka peke yake, ilipea kamati tendaji nzima ya kaunti, na mawaziri wa kaunti wanawajibika kwa gavana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikashuka chini zaidi, msimamizi wa kaunti ndogo, wa wadi, hadi wa kijiji. Hapa kwetu ni kaunti ndogo 7 na wadi 35. Sasa mtu wa wadi anakuja, anapiga picha mtaro, anaandika ripoti, inapanda kaunti ndogo, inapanda kwa afisa mkuu wa idara kwa sababu yeye ndiye anajibu maswali ya pesa, inalala huko.

Sikatai pesa kubwa ichungwe, tumeona zikipotea. Lakini ukimpa mtu kazi mpe na uwezo wa kuifanya, tena kwa maandishi, kiasi fulani amalize mwenyewe, ikizidi ndio apandishe juu. Na ukishampa bado wewe ndiye wa kujibu, si kutokea kwa redio ati maafisa wangu wamezembea, wazembee na nini na kalamu umeenda nayo Naivasha!!

Kifungu cha 47 kinatupa haki ya kuhudumiwa haraka na bila upendeleo. Kesho tunapeleka barua ingine, swali ni moja: mkubwa akitoka, nani ana ruhusa ya kutoa lori? Wajibu kwa maandishi. Mwenye amewahi fanya kazi kaunti atuambie, tuiandikie katibu wa kaunti ama tuanze na afisa mkuu?