Mjadala: Ruzuku ya usalama wa hospitali inunue kamera au izibue mtaro?

Ndugu zangu, naomba hili tulijadili kwa uzito wake. Kuna ruzuku za umma zinazotolewa kwa ajili ya usalama wa vituo vya afya: uzio, geti, walinzi, kamera, ulinzi wa kompyuta. Kuna nyingine za kusimamia maji ya mvua: mitaro, makaravati, mabwawa ya kupunguza kasi ya maji. Fedha zikiwa chache, pande hizi mbili hugombania fungu. Hoja ninayoisikia sana ni kwamba hospitali ijilinde yenyewe, mitaro ni kazi ya serikali ya mtaa, mafungu yasichanganywe. Naipinga hoja hiyo. Mtaro unaopita nyuma ya ukuta wa hospitali ni sehemu ya usalama wa hospitali, na tukilazimika kuchagua, tuanze nao.

Mimi ni muuguzi. Usiku mmoja nikiwa zamu, saa tisa, maji yaliingia wodi ya wazazi kwa kupitia chini ya mlango wa nyuma. Meusi, yananuka, yamebeba chupa za plastiki. Mama wawili waliojifungua jioni ile tuliwasukuma na vitanda vyao hadi korido ya juu, mwenzangu mmoja amekumbatia watoto wote wawili kwa sababu hatukuwa na pa kuwalaza. Tuliporudi kuchukua dawa, maji yalikuwa magotini na friji ya chanjo ilikuwa imezimika. Getini kulikuwa na mlinzi, na alikuwa macho. Kamera ilikuwa mpya, imefungwa mwaka uleule. Hakuna mtu aliyevunja mlango. Asubuhi tulikwenda kuutazama mtaro: tope lilikuwa limefika ukingoni na majani yameota juu yake. Tope la kuota majani si la usiku mmoja.

Msidhani haya ni ya hospitali maskini tu. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipopiga New York, hospitali ya umma ya Bellevue ilikuwa na jenereta ghorofa ya 13, mahali ambapo maji yasingefika. Lakini pampu za kupandisha mafuta zilikuwa chini kabisa ya jengo, na huko maji yakajaa. Wafanyakazi na askari wakapanga mstari kwenye ngazi, wakapokezana mafuta kwa mikono hadi juu. Jirani yake, NYU Langone, walihamisha wagonjwa zaidi ya 300 usiku uleule. Watoto wachanga wa wodi ya uangalizi maalumu waliteremshwa kwa ngazi kutoka ghorofa ya 9, wauguzi wakiwapulizia hewa kwa mkono. Baadaye serikali ya Marekani iliidhinisha zaidi ya dola bilioni 1 kwa hospitali hiyo moja, kwa ajili ya ukarabati na kinga ya mafuriko yajayo. Najua pale ilikuwa bahari kupanda na si mtaro kuziba, lakini somo la pampu ni lilelile: wagonjwa waliondolewa na maji, kwa sababu ya kifaa kimoja kilichowekwa pasipostahili.

Sasa niwatendee haki wanaotaka walinzi. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupata kipigo wakati fulani katika kazi yao. Nimewahi kushikwa koo na ndugu wa mgonjwa, kwa hiyo simwambii mtu kwamba mlinzi ni anasa. Ninachosema ni kwamba mlinzi asiyefundishwa kumtuliza mtu mwenye uchungu wa msiba hanisaidii sana, na mafunzo hayo ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana, huku mlingoti wa kamera ukibaki kwa sababu unaonekana na unapigwa picha siku ya uzinduzi.

Hapo ndipo kidonda changu kilipo. Tazameni kompyuta. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali za Uingereza, miadi ya maelfu ya wagonjwa ikafutwa. Marekebisho ya kuziba tundu la programu ambalo kirusi hicho kilipitia, kampuni ya Microsoft inayotengeneza programu hiyo ilikuwa imeyatoa tangu Machi, miezi miwili kabla. Yalikuwa hayajawekwa kwenye mashine nyingi. Kompyuta ambayo haijasasishwa na mtaro ambao haujazibuliwa vinaumwa ugonjwa mmoja: fedha za kununua na kujenga zilipatikana, za mtu wa kupita kila wiki kuangalia hazikupatikana.

Ruzuku nyingi zina sharti hilohilo. Zinalipia ujenzi na vifaa, hazilipii mishahara wala matengenezo. Mtaro mpya wa zege unakabidhiwa, utepe unakatwa, na baada ya misimu michache ya mvua umejaa mchanga, kisha linaandikwa andiko jingine la kuomba mtaro mwingine. Ningekuwa na sauti, ningetaka sehemu ya kila ruzuku itengwe kwa miaka kadhaa ya uangalizi: vibarua wa kuzibua kabla ya masika, fundi wa kusasisha mifumo, mafunzo ya walinzi. Na hospitali isipewe fedha za kamera kabla haijaonyesha ramani ya maji yanapopita, jenereta ilipo, na dawa zinapohifadhiwa.

Kuna aliyeniambia kwamba tukianza hivyo, hospitali zitageuka idara za maji. Hapana. Hospitali haihitaji kuchimba mtaro, inahitaji kuwa na kauli kwenye meza inayopanga mtaro upi uzibuliwe kwanza. Leo haina. Kwa kawaida unatangulizwa ule wa barabara kuu, kwa sababu magari yakikwama kelele husikika haraka. Mgonjwa kitandani hana honi.

Nawaachia maswali mawili, na ningependa kusikia hasa kutoka kwa wanaofanya kazi hospitali na wanaozibua mitaro. Je, ni haki kumnyima mtoaji ruzuku uhuru wa kulipia ujenzi pekee? Na pale mlipo, mtaro wa nyuma ya wodi mara ya mwisho ulizibuliwa lini, na aliyeuzibua alilipwa kutoka fungu gani?