Rimu za alumini zimefifia na kuota minyoo meupe: nianzie msasa namba ngapi?

Mkonge14
Wakuu, habari za kazi. Nina rimu nne za alumini, inchi 14, za Corolla 110, zile za kutoka nazo kiwandani. Chini ya klia (ule utando angavu wa kinga uliopakwa juu) kuna madoa meupe yanayotambaa kama minyoo, na sehemu nyingine klia inabanduka hata kwa ukucha. Mbili zina mikwaruzo ya ukingo wa barabara, kina chake kama milimita moja. Niko Tanga, si mbali na bahari. Nataka zing'ae kama kioo na kazi niifanyie nyumbani. Vifaa nilivyonavyo ni drili ya umeme, msasa wa maji namba 400 hadi 2000 na polishi ya chuma ya kopo. Nimesugua polishi saa nzima, hakuna kilichobadilika. Nakosea wapi? Tena kuna anayenishauri nitoe klia kwa kostiki soda. Ni sawa?

FundiMsasa
Mkuu, kostiki weka mbali kabisa. Kostiki inakula alumini yenyewe. Yale mapovu yanayotoka ni gesi ya haidrojeni, maana yake chuma kinaisha mbele ya macho yako, na uso unabaki mweusi wenye vishimo. Dawa nyingi za kusafishia oveni zina kostiki hiyo hiyo. Maji ya betri nayo usiyaguse.

Polishi haikufanya kitu kwa sababu ulikuwa unasugua klia, alumini hujaifikia. Jaribu hivi: weka tone la polishi kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali padogo. Kitambaa kikigeuka cheusi tii ndani ya sekunde chache, hapo ni alumini tupu. Kikibaki na rangi ya polishi, bado klia ipo.

Peleka rimu kwa fundi matairi atoe tairi na risasi za balansi. Kisha nunua dawa ya kutolea rangi ya magari, ile nzito kama uji. Paka kwa brashi kwa unene, funika kwa nailoni isikauke, acha dakika 15 hadi 30, halafu kwangua kwa kipande cha mbao au plastiki. Rudia mara mbili au tatu, suuza kwa maji mengi, kausha, futa kwa thina. Fanyia nje penye upepo. Glovu nyembamba za hospitali dawa hiyo inazipenya upesi. Tumia nene za kemikali, na miwani.

Sasa msasa. Namba ndogo ndiyo kali zaidi. Ukianza na 400 utakwama, kwa sababu hiyo minyoo imechimba vishimo na vishimo lazima vifikiwe mpaka chini. Ukiacha unga mweupe hata kidogo kwenye shimo, kutu ya alumini itaanzia pale pale. Anza na 180, na penye vishimo vya kina shuka mpaka 120. Mikwaruzo ya ukingo ianze kwa tupa: ipake chaki kwenye meno kwanza, alumini haitanasa. Usichimbe shimo moja mahali pamoja. Tambaza tupa kulia na kushoto mpaka mteremko usisikike kwa kidole.

Baada ya hapo 240, 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000, yote kwa maji yenye matone ya sabuni ya vyombo. Kila namba isugue kwa kukatiza mwelekeo wa namba iliyotangulia, na usisonge mbele mpaka mistari ya zamani imekwisha yote. Suuza rimu na ubadilishe maji kila unapopanda namba, kwani punje moja ya 180 iliyobaki kwenye ndoo itakuchorea mstari ukiwa kwenye 1500. Kausha, inamisha rimu kwenye jua la pembeni, uangalie. Mstari wa 180 hautoki kwa 1000. Unachofanya ni kung'arisha kingo zake tu, uonekane zaidi. Ukiuona, rudi nyuma. Watu wengi huharibikia hapo, wakidhani polishi itaficha.

Kwa rimu moja andaa karatasi mbili mbili za 120 hadi 320, na moja moja za juu yake. Usipungukiwe na saa tano kwa kila rimu.

SpanaMsalaba
Kabla ya msasa hakikisha rimu haina ufa. Osha sehemu ya ndani na mizizi ya spoku, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa yakauke, kisha pulizia unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Rimu yenye ufa usiing'arishe wala usiichomelee uani. Itupe.

Usiguse kwa msasa mkali tundu la katikati, sehemu ya nyuma inayogusana na habu (kitovu cha gari rimu inapofungwa), wala viti vya nati. Kiti cha tairi, yaani ukingo wa rimu ambapo tairi linakaza, kisafishe kwa 320 pekee. Ukikichimba tairi litavuja polepole.

Kwenye drili usifunge brashi ya waya wa chuma. Inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, na kwa hewa yenu ya chumvi zitaota kutu na kuila alumini pembeni yake. Na jiwe la grinda la kukatia chuma usilitumie hapo kabisa: alumini inaziba vinyweleo vyake, linapata moto, linaweza kupasuka usoni.

Mkonge14
Asanteni sana wakuu. Bado maswali mawili: katikati ya spoku kidole hakiingii, nifanyeje? Na mwisho nipulize klia au niache?

Gurudumu_Safi
Katikati ya spoku usihangaike kupata kioo. Hapo sugua kwa 320, futa kwa thina, paka praima ya kushika alumini, rangi ya fedha au kijivu, kisha klia. Uso wa mbele na mdomo wa rimu ndio uuache wa kioo. Inapendeza kuliko yote kung'aa, na ni rahisi kuosha vumbi la breki.

Kwa drili tumia gurudumu la mkonge, na kwa mtu wa Tanga hilo ni jambo zuri: nyuzi za mkonge ndizo zinazokata vizuri hatua ya kwanza. Ligusishe kijiwe cha kahawia (kipande kigumu cha polishi) likiwa linazunguka, sekunde mbili tu. Kisha gurudumu la pamba na kijiwe cheupe. Usichanganye, kila gurudumu na kijiwe chake. Drili ya mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika inatosha. Usikandamize, rimu ikiwa moto huwezi kuishika, umezidisha, na kijiwe kitaganda kama lami. Utando mweusi wenye mafuta unaobaki unyunyizie unga wa ngano, ufute kwa fulana ya pamba. Unga unafyonza mafuta yote.

FundiMsasa
Kuhusu klia: juu ya kioo mimi sishauri. Uso laini hauna pa kushikia, klia itabanduka na minyoo itarudi. Halafu klia nzuri ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) ina sumu ya mapafu, haipuliziwi nyumbani kwa barakoa ya kitambaa.

Gurudumu_Safi
Nakubali kwa uso wa kioo. Anayetaka klia asimame kwenye 600, akubali mng'ao wa hariri. Ukiacha tupu, paka nta na urudie kila wiki tatu au nne ukiwa pwani. Osha kwa maji baridi na shampuu ya gari. Sabuni kali za unga zinafifisha.

SpanaMsalaba
Wakati wa kufunga: nati za rimu hizo za Toyota zina shingo na washa bapa, si zile za koni za rimu za chuma. Ukichanganya, rimu haikai. Rangi isiwepo chini ya nati, maana inasagika na nati inalegea. Kaza kwa kukatiza mpaka nyutoni-mita 103, fanya balansi upya, na ukaze tena baada ya kilomita 100.