Meno ya mbele ya mutoto imeisha, mama mukwe anasema tungoje ianguke

Mama_Ndosho: Bandugu ba Goma munipe shauri. Kijana wangu iko na miaka 3 na miezi 4, meno ine ya mbele ya juu imekuwa nyeusi, imebaki kama hindi lenye panya ilikula. Sasa ya nyuma njo inamuuma, usiku analia ameshika shavu, na kwa fizi kuko ka kipele, nikikafinya usaha unatoka. Kosa najua, alikuwa analala na biberoni ya chai ya maziwa na sukari, ju nauzaka Birere narudia nimechoka. Mama mukwe anasema ni meno ya maziwa tu, tena ni maji ya volkano njo iliiharibu. Farmasi banamupatia amoxi (antibiotiki), inatulia wiki moja, inarudia.

Katindo_243: Weka kitunguu saumu mama, ao ponda aspirini uweke pale pale

Dada_Fizi: We Katindo usituunguzie mutoto!! Aspirini hapana kabisa, si kwa fizi si kumeza. Mama, mi natumikaka kwa dantisti. Kipele cha usaha maana yake ubovu umefika kwa mizizi. Amoxi inatuliza tu, jino bovu likibaki pale itarudia kila siku. Na ile ya nyuma haianguke mbele ya miaka 9 hivi, mpaka 12, sasa utangoja nini? Mara mingi bataling'oa. Za mbele, kama haziumi, uliza dawa ya maji yenye madini ya fedha (argent) ndani, banapakaa tu bila mashini, ubovu unasimama lakini jino linabaki jeusi. OMS, shirika la afya la dunia, iliiweka kwa orodha ya dawa za lazima tangu 2021. Maji ya volkano inaleta madoadoa ya kahawia, zaidi kwa meno ya ukubwa, haitoboe. Akivimba uso, ao homa, ao kumeza kunamushinda, ni hopitali siku ile ile, usingoje kesho.

Papa_Himbi: Wangu baling'oa ine kwa mara moja, balimulalisha na dawa kwanza. Nililia kumushinda yeye. Kumbe mutoto alikuwa anakataa nyama ju ya maumivu, sisi tunasema ana kiburi! Wiki mbili kisha akaomba ugali na sombe, akaomba tena.

Mama_Ndosho: Eh Papa, wangu pia anakunywaka paka uji. Na burosi?

Dada_Fizi: Umusugue weye mwenyewe, asubui na usiku, dawa yenye floridi kiasi ya mbegu moja ya hindi, ateme, asisukutue. Kisha hapo maji tu.

Mama_Ndosho: Asanti, kesho asubui tunaenda. Biberoni niliitupa, mama mukwe ameiokota kwa taka ameiosha.