Mrejesho: Stoo imebaki, mtungi wa gesi umetoka nje

Ndugu zangu, niliwauliza kama nivunje ukuta wa stoo ili jiko langu la mita 3 kwa 2.4 lipate kaunta ndefu zaidi. Nimeuacha, kwa sababu gunia la mchele na madumu ya maji hayaingii kabatini, na kaunta ndefu isiyo na stoo hugeuka stoo yenyewe.

Lililonisumbua zaidi ni mtungi wa gesi. Kuuweka chini ya kaunta kungenipunguzia gharama za bomba, lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini, na ndani ya kabati lililofungwa haina pa kutokea. Kwa hiyo mtungi umekaa nje, katika kizimba cha nondo chenye kufuli, na bomba la shaba limepitishwa ukutani.

Kaunta ina kimo cha sentimita 90, ila sehemu ya kukandia unga wa chapati tumeishusha hadi 80 (mama mkwe alilisimamia hilo mwenyewe), maana anayekanda hutumia uzito wa mwili. Dirisha la juu ya sinki limebaki, japo limeninyima kabati moja la ukutani. Kwa uso wa kaunta, kati ya graniti na terazo, bei imeamua: terazo.