Farasi wa watalii waruhusiwe Swagaswaga na milima ya Irangi?

Mleta mada: Wakuu, mtalii anafika Kolo huku Kondoa, anaona michoro ya miambani (urithi wa dunia tangu 2006), jioni kashaondoka. Halali, hela haibaki. Huko Arusha na Kilimanjaro safari za farasi zipo, watu wanapiga kambi siku kadhaa, wanakula na kulala porini. Kwa nini tusiwe na njia ya farasi kutoka milima ya Irangi hadi pori la akiba la Swagaswaga? Vijana watapata kazi ya upishi na kutunza farasi, na nyasi kavu watauza. Mimi naunga mkono. Nipingeni.

Mtoto wa Kolo: Mkuu, 1979 umeisahau? Chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na makorongo. Wazee wetu waliswaga ng'ombe wao wakahama. Hadi leo ukiingiza mbuzi kwenye pori la akiba bila kibali unakamatwa. Halafu farasi wa kilo 450, kwato zimepigiliwa chuma, apite kwa sababu aliyempanda kalipa dola? Mkimruhusu huyo, na ng'ombe wangu aandikiwe kibali.

Mganga wa mifugo: Makorongo yanazuilika, njia ikiwa moja na wakati wa mvua ikafungwa. Hofu yangu ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi vyake vinabebwa na visubi, wadudu wadogo sana wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Pundamilia anavibeba wala haumwi; farasi asiye na kinga mara nyingi anakufa. Ndiyo maana, pamoja na chanjo, farasi hufungiwa bandani kabla jua halijazama. Sasa kambi ya porini ina banda? Na mbung'o je? Mambo haya si mageni Kondoa. Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya jenerali wao van Deventer waliingia hapa wakipigana na Wajerumani, wamepoteza farasi kwa mamia, kisha mvua ikawakwamisha. Fikirieni punda jamani. Ugonjwa huo haumsumbui sana, na wenyeji wanamjua.

Mleta mada: Kiangazi tu, daktari. Juni hadi Oktoba visubi wanapungua.

Dada wa Chemba: Oktoba hiyo hiyo ambayo sisi tunapanga ndoo kisimani tangu saa kumi usiku? Farasi mmoja anakunywa lita 30 au zaidi kwa siku, na joto likizidi anaongeza. Kaka, farasi kumi watanywa kisima gani? Mwekezaji achimbe chake kwanza, na kijiji kichote humo humo, ndipo tuzungumze habari za mahema.

Mtoto wa Kolo: Punda nakubali, dada na maji yake namuunga mkono. Ila daktari, punda naye ni mfugo. Kibali chake ataandika nani?