Mhafidhina akimkosoa rais wa chama chake: anakijenga chama au anakibomoa?

Mleta mada:

Wakuu, swali hili huzuka kila Mrepublican anapoingia Ikulu ya Marekani, na kila mara hujibiwa kwa jazba. Wahafidhina wanaompigia kelele rais wao wenyewe, wanakijenga chama au wanampa mpinzani silaha? Msimamo wangu nauweka mezani mapema: wanakijenga, ila kwa sharti. Wakosoe jambo mahususi, tena wakati rais bado ana nafasi ya kubadili uamuzi. Anayengoja mpaka rais achokwe na wananchi ndipo atoe povu, huyo anajiosha tu.

Chukueni Oktoba 2005. Jaji Sandra Day O'Connor alikuwa ametangaza kustaafu, na tarehe 3 George W. Bush akamteua Harriet Miers kukaa kwenye kiti chake Mahakama ya Juu. Miers alikuwa mwanasheria wa Ikulu, na kabla ya hapo wakili wa Dallas aliyewahi kuongoza chama cha mawakili wa Texas. Hajawahi kuwa jaji hata siku moja. Utetezi wa Bush ulikuwa kwamba anamfahamu huyu mama vizuri, basi wamwamini. Harry Reid, kiongozi wa Wademocrat katika Seneti, alikuwa na maneno mazuri juu yake. Waliocharuka ni wahafidhina: waandishi, wanasheria, watu waliompigania Bush uchaguzi wa mwaka uliotangulia. Walikuwa na kidonda cha zamani. Baba yake Bush alimteua David Souter mwaka 1990 kwa mtindo uleule wa "niaminini", na Souter akaishia kupiga kura na majaji wa mrengo wa kiliberali.

Tarehe 27 mwezi uleule Miers akajitoa. Siku 4 baadaye likaja jina la Samuel Alito, akathibitishwa Januari 2006 kwa kura 58 dhidi ya 42. Alito huyohuyo ndiye aliyeandika hukumu ya Juni 2022 iliyoondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Uipende hukumu ile au uichukie, waliopiga kelele walipata walichokitaka, na rais aliyekosolewa ndiye anayehesabiwa sifa hiyo leo.

Sasa tazameni upande wa pili, Novemba 2003. Muswada wa kuongeza malipo ya dawa kwenye Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee. Kwa mhafidhina anayesema serikali ipunguzwe, huu ulikuwa mzigo mkubwa kuliko wowote tangu miaka ya 1960. Kura ilifunguliwa saa tisa usiku. Kwa kawaida Baraza la Wawakilishi hutoa dakika 15. Usiku ule walikaa karibu saa tatu, kwa sababu rais alikuwa anashindwa na wabunge wa chama chake ndio waliokuwa wanamwangusha. Bush mwenyewe akawa anapigia wabunge simu kabla ya alfajiri. Mbunge mmoja wa Michigan, Nick Smith, alikuwa anastaafu na mwanawe anagombea kiti hicho. Tom DeLay, kiongozi wa walio wengi, alimwambia atamuunga mkono kijana iwapo baba atapiga kura ya ndiyo. Smith alikataa. Mwaka uliofuata kamati ya maadili ikamkaripia DeLay, na kijana akaanguka kwenye mchujo, ile kura ya kumpata mgombea wa chama. Muswada ulipita kwa 220 dhidi ya 215, huku Warepublican 25 wakisema hapana.

Hao 25 nawavulia kofia. Walionikera ni wengine waliofunika kombe usiku ule, halafu kuanzia 2006, Bush akiwa hoi kwenye kura za maoni, wakagundua ghafla kwamba "rais huyu anatapanya hela". Mlikuwa wapi? Julai 2006 ndipo alipotumia kura ya turufu kwa mara ya kwanza, na hata hiyo ilihusu utafiti wa seli za viinitete. Miaka mitano na nusu hakuna muswada hata mmoja wa matumizi aliourudisha, na wao ndio waliokuwa wanampelekea.

Nawasilisha. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umechagua mifano inayokubeba. Umemruka Bush baba kama vile hayupo.

Agosti 1988, New Orleans, aliwaambia wajumbe wa chama: someni midomo yangu, hakuna kodi mpya. Mwaka 1990 nakisi ikambana, Bunge liko mikononi mwa Wademocrat, akakaa nao mezani. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikapanda kutoka asilimia 28 hadi 31, na kwa upande wa pili wakakubaliana kanuni za kubana matumizi. Newt Gingrich, mnadhimu wa Warepublican bungeni, akaasi hadharani. Makubaliano ya kwanza yakaangushwa, na Warepublican wengi walipiga kura dhidi ya rais wao. Kisha 1992 Pat Buchanan, mwandishi mhafidhina, akamfuata kwenye mchujo wa New Hampshire na kuzoa asilimia 37 dhidi ya rais aliyeko madarakani. Novemba Bill Clinton akaingia Ikulu.

Kwa sharti lako, ukosoaji ule ulikuwa halali kabisa: jambo mahususi, wakati mwafaka. Matokeo yake? Miaka 8 ya Clinton. Na ajabu ni kwamba kanuni zile za bajeti zilisaidia kuleta ziada ya mwisho wa miaka ya 1990, sifa akala Clinton.

Halafu hiyo Medicare yako: gharama ya dawa ilikuja kuwa chini ya makadirio ya awali. Rais wakati mwingine anaona kuliko wapiga kelele.

Mleta mada:

Hoja nzito, lakini unachanganya rais na chama. Buchanan hakushinda jimbo hata moja mwaka ule. Kilichomuumiza Bush ni uchumi uliodorora, ahadi aliyoivunja mwenyewe, na Ross Perot, mgombea huru, aliyeondoka na karibu asilimia 19 ya kura. Kama Perot alichota zaidi kwa Bush, hilo bado linabishaniwa. Gingrich hakumwandikia hotuba ya New Orleans.

Na umeishia 1992, ungesogea miaka 2 tu. Novemba 1994 Warepublican, wakiongozwa na muasi huyohuyo Gingrich, walitwaa Baraza la Wawakilishi ambalo hawakuwahi kulishinda kwa miaka 40. Rais aliumia, chama kikanenepa. Kama swali ni "je, inamsaidia rais?", nakubaliana nawe, mara nyingi haimsaidii. Mada yangu inahusu chama.

Kuhusu Medicare, wakati kura inapigwa wabunge walikuwa na makadirio ya takriban dola bilioni 400 kwa miaka 10. Wiki chache baada ya rais kutia saini, serikali yenyewe ikaja na bilioni 534. Mtaalamu mkuu wa hesabu wa mfuko huo alikuwa amezuiwa kuwapa wabunge tarakimu zake. Gharama kushuka baadaye hakumsafishi aliyeficha karatasi.

Mchangiaji wa pili:

Mnaongea bajeti tu. Agosti 7, 1974, Barry Goldwater, mhafidhina wa wahafidhina, aliingia Ikulu na Hugh Scott na John Rhodes, viongozi wa Warepublican katika Seneti na Baraza la Wawakilishi, kumweleza Rais Nixon, aliyebanwa na kashfa ya Watergate, kwamba kura za kumwokoa katika Seneti asiondolewe madarakani hazipo. Kesho yake Nixon akatangaza kujiuzulu. Kazi ya chawa ni kumwambia bosi anapendeza. Kazi ya Goldwater ilikuwa kuhesabu kura.

Mchangiaji wa tatu:

Wote mnasimulia enzi ambayo rais ndiye aliyekuwa analipa. Siku hizi bili inaletwa kwa mkosoaji.

Liz Cheney alikuwa mhafidhina wa kodi ndogo na jeshi kubwa, mtu wa tatu kwa cheo katika uongozi wa chama chake bungeni. Januari 2021 alikuwa miongoni mwa Warepublican 10 waliopiga kura Trump ashtakiwe bungeni kwa uvamizi wa jengo la Bunge. Mei akavuliwa cheo, na Agosti 2022 akaanguka kwenye mchujo wa Wyoming kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 35. Katika wale 10, wanne walikacha kugombea, wanne wakapigwa chini kwenye mchujo.

Njooni 2025. Seneta Mrepublican Thom Tillis wa North Carolina aliupinga muswada mkubwa wa kodi na matumizi wa Trump, akisema unakata mno Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwenye jimbo lake. Jambo mahususi, wakati mwafaka, kama mleta mada anavyotaka. Trump akatishia kumtafutia mpinzani, na kesho yake Tillis akatangaza hagombei tena. Muswada ukapita katika Seneti 51 kwa 50, kwa kura ya Makamu wa Rais. Sharti lako liko wapi hapo, mkuu?

Mleta mada:

Hesabu yako imebakiza wawili, nao ndio wa kuwatazama. Wawili waliosalia kati ya wale 10, uchaguzi wa 2022, ni David Valadao wa California na Dan Newhouse wa Washington. Majimbo yote mawili yana mchujo wa pamoja: wagombea wa vyama vyote kwenye karatasi moja, wawili wa juu wanasonga mbele, na mpiga kura yeyote anashiriki. Seneta Mrepublican Lisa Murkowski wa Alaska alipiga kura Trump atiwe hatiani, na mwaka uleule wa 2022 akamshinda mgombea aliyebebwa na Trump. Alaska ilikuwa imetoka kubadili utaratibu, mchujo unapitisha wanne. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Murkowski huyohuyo alipigwa kwenye mchujo wa chama chake, akarudi kwa sababu wapiga kura waliliandika jina lake kwa mkono kwenye karatasi.

Kwa hiyo Tillis hakukosea sharti langu. Alikosea jimbo. Pale ambapo mchujo ni wa chama, anayemkosoa rais anahukumiwa na wafuasi sugu wa rais peke yao, maana ndio wanaojitokeza. Ukitaka wahafidhina waseme ukweli kabla ya kustaafu, anza na karatasi ya kura. Nani ana hoja ya kutetea mchujo wa chama kama ulivyo?

Mchangiaji wa kwanza:

Mimi ninayo. Mchujo huohuo ndio ulimpa Buchanan jukwaa la New Hampshire. Huwezi kuusifu 1992 ukaulaani 2022.