Bangi na kusahau: tupeane uzoefu

Dereva wa Kaptembwo: Leo makanga wangu amemdai abiria mmoja nauli mara mbili, nusura wapigane. Huyu kijana alikuwa mkali wa hesabu. Tangu aanze kuvuta bangi kila asubuhi, chenji zinampotea kichwani. Nani ameyaona haya?

Mama Pendo, Manyatta: Umenigusa kidonda. Ndugu yangu mdogo alianza akiwa kidato cha pili. Mwaka jana nilimtuma amchukue binti yangu nasari. Akamchukua vizuri, wakapitia soko la Kibuye kununua mihogo. Giza linaingia, namwona anafika peke yake na mihogo yake. Namuuliza, "Mtoto yuko wapi?" Ananijibu, "Mtoto gani?" Nilitoka mbio bila viatu. Nikampata kwa mama muuza omena, amemfunga leso, anamlisha chapati. Na anampenda sana mpwa wake! Ila mpaka leo ile safari ya sokoni haikumbuki hata kidogo.

Atis: Uwi! Mungu ambariki huyo mama wa omena.

Mvuvi wa Dunga: Pole dada, lakini msisingizie bangi. Mimi navuta na sijawahi kusahau nyavu ziwani. Mbona hamtaji pombe?

Nesi, Kakamega: Pombe ina yake. Kwenye bangi kuna THC, kemikali inayolewesha, nayo huvuruga hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mtu anakumbuka ya utotoni, lakini ulichomtuma sasa hivi hakipo. Tena ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Wewe ulianza lini?

Mvuvi wa Dunga: Nikiwa na watoto wawili.

Nesi, Kakamega: Basi usijilinganishe na mtoto wa kidato cha pili.

Baba wa Mumias: Mpelekeni shamba. Wangu nilimtia kwenye miwa, jembe likamtuliza.

Dereva wa Kaptembwo: Limau na maziwa husafisha damu.

Nesi, Kakamega: Hayasafishi. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa. Dawa ni kuacha. Siku za mwanzo atakosa usingizi na atakuwa na hasira, msimfukuze. NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192.

Mama Pendo, Manyatta: Akisikia ushauri nasaha anatoroka.

Mvuvi wa Dunga: Mlete kwangu alfajiri tuvue pamoja. Kwenye mtumbwi wangu havuti mtu, hata mimi.